Maswali na Majibu: Serotonini na Kifafa cha Mwanga

*Binti yangu wa miaka 13 alianguka na kutetemeka ndani ya matatu yenye taa za rangi zinazowakawaka. Jirani anasema ana jini. — Mama, Kisauni*

Pole, mama. Hayo uliyoyaeleza yanafanana na kifafa kinachochochewa na mwanga, ambacho huwapata takriban watu 3 katika kila 100 wenye kifafa, zaidi watoto na vijana, na wasichana kuliko wavulana. Hatari kubwa iko kwenye taa zinazowaka na kuzima kiasi cha mara 15 hadi 25 kwa sekunde, ingawa hata jua linalopenya baina ya minazi gari likienda kasi linaweza kuleta hali hiyo. Mpeleke kwa daktari wa neva apimwe umeme wa ubongo huku akimulikwa. Kwa sasa, taa zikianza, azibe jicho moja kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho hakutoshi, kwa kuwa mwanga hupita kwenye kope.

*Je, ni kweli kwamba serotonini ndiyo inayosababisha kifafa hiki? — Mwanafunzi, Tudor*

Serotonini ni kemikali inayopeleka ujumbe baina ya seli za ubongo, na ushahidi mwingi unaelekea upande wa pili: kwamba husaidia kukizuia kifafa hiki. Mwaka 1966 watafiti walieleza kwamba nyani wa Casamance, Senegal, hushikwa na kifafa wakimulikwa taa za kuwakawaka, na baadaye ikaonekana kwamba wakipewa kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa serotonini, mwanga hauwadhuru kama awali. Mwaka 1985 madaktari Wafaransa Aicardi na Gastaut waliripoti kuwatibu kwa fenfluramini, dawa inayoachilia serotonini ubongoni, wagonjwa waliokuwa wakijichochea kifafa wenyewe, kama wale wanaopunga vidole mbele ya macho huku wakilitazama jua. Wakati huo ilikuwa dawa ya kupunguza unene, na mwaka 1997 iliondolewa sokoni Marekani kwa kuharibu vali za moyo. Ajabu ni kwamba mwaka 2020 nchi hiyo hiyo iliiidhinisha kwa ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali cha utotoni, kwa sharti kwamba moyo wa mgonjwa upimwe mara kwa mara. Hata hivyo, serotonini hupokelewa ubongoni na vipokezi vya aina nyingi, vingine vikituliza seli na vingine vikizichangamsha, kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba kila kinachoiongeza ni tiba.

*Basi nimlishe mwanangu ndizi kwa wingi? — Baba, Changamwe*

Ndizi ni chakula kizuri, lakini serotonini iliyomo haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni.

*Nina kifafa, na ninatumia dawa ya sonona inayoongeza serotonini. Niiache? — Msomaji, Likoni*

Usiiache ghafla. Nyingi za dawa hizo, zikitumiwa kwa kipimo cha kawaida, haziongezi kifafa. Miongoni mwa dawa za sonona kwa jumla, zinazohitaji tahadhari zaidi ni klomipramini, na pia bupropioni, ingawa hii ya pili haifanyi kazi kwa kuongeza serotonini. Mweleze daktari dawa zako zote, na ikiwa wewe ni mwanamke unayeweza kushika mimba, muulize pia kuhusu valproeti, ambayo hukidhibiti vizuri kifafa cha mwanga lakini inaweza kumlemaza mtoto tumboni.