Umepanga kwa mpangaji na mwenye nyumba kakutoa? Chumba kimekwenda, vyombo bado ni vyako

Mkuu mleta mada, pole sana. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa alichukua chumba Tabata kwa mtu ambaye naye ni mpangaji. Yule mtu kahamia Dodoma kikazi, akavuta kodi ya miezi sita, akakabidhi ufunguo, akaondoka. Juzi mwenye nyumba kaja, anasema huyu kijana simjui, ninayemjua mimi namdai kodi tangu mwaka jana. Jumamosi jamaa karudi kutoka kazini, kakuta kufuli jipya mlangoni, vyombo barazani, tivii na mtungi wa gesi havionekani. Anauliza ana haki gani na nani wa kumlipa.

Nimesoma majibu yote. Nusu mnamwambia huna haki yoyote, kalale mbele. Nusu mnamwambia amburuze mwenye nyumba mahakamani adai mamilioni. Nyote mmefunga mambo mawili kwenye fundo moja. Chumba ni kesi yake, vyombo ni kesi yake. Mimi yalinikuta Mwananyamala, na mambo yalianza kwenda pale tu nilipoacha kugombea chumba nikashikilia vyombo.

Nilikuwa nashona nyumbani. Nilichukua chumba na sebule kwa mama mmoja aliyepanga nyumba nzima, upande wa mbele anakaa yeye, upande wa uani katupangisha sisi. Mtaa mzima ulimwita mama mwenye nyumba. Dar hii unaweza kumwamkia mtu shikamoo baba mwenye nyumba mwaka mzima, kumbe naye kila mwisho wa mwezi anajificha kwa mwenye nyumba wake. Mwenye nyumba halisi alikuwa mzee anayeishi mbali, na siku mwanawe alipokuja na vijana wake, mama yetu hakuwepo. Simu haipatikani. Vitu vyetu vikatolewa barazani, vyake yeye vilikuwa vimeshaondoka usiku, tena kwa kirikuu, zile pikapu ndogo.

Sasa sebuleni kwangu kulikuwa na cherehani mbili, ovaloki (mashine ya kufunga kingo za nguo), pasi, na begi kubwa la shangazi kaja lenye vitenge vya sare ya sendofu. Vilikuwa vimeshakatwa, kila kipande kimefungwa na karatasi yenye jina la mwenyewe kwa pini. Cherehani zilitolewa nje. Ovaloki ikazuiwa ndani, eti mpaka "mama yenu" alipe anachodaiwa. Begi halikuonekana kabisa. Na mvua ikanyesha jioni ile ile.

Nianze na chumba, nikimalize haraka, maana ndiko watu wanakopotezea nguvu.

Sheria inayotawala upangaji kwetu ni Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, ile Namba 4 ya 1999. Ile ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984, iliyokuwa ikimlinda mpangaji sana, ilifutwa 2005. Wazee wa Kariakoo na Ilala bado wanaisimulia kama ipo, msiwafuate. Sheria ya Ardhi inachukulia kwamba kila mpangaji amekubali kutompangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye mali, na mwenye mali naye hatakiwi kuinyima idhini hiyo bila sababu ya msingi. Hata kama mkataba wao haukuandika neno hilo, limo. Kwa hiyo mtu wako wa Dodoma alikuwa tayari amevunja masharti siku aliyokupa ufunguo. Mwenye nyumba anatakiwa kutoa notisi ya maandishi inayoeleza kosa kabla ya kuvunja mkataba, lakini notisi hiyo anampa mpangaji wake. Wewe si mpangaji wake. Aliyekuwa na uwezo wa kulalamikia lile kufuli kwa nguvu ni yule aliyeko Dodoma, naye hana hamu.

Unaweza kwenda Baraza la Kata. Ila fahamu kwamba tangu mabadiliko ya 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui tena. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30 linatoa hati, na hapo ndipo unaruhusiwa kupanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukihesabu muda huo wote kwa ajili ya chumba ambacho hata ukishinda utakaa na mtu asiyekutaka, ni bora utafute kwingine. Sikukatazi. Nasema usiache vyombo vinanyeshewa ukisubiri hati ya kata.

Vyombo sasa. Hapa ndipo watu wanaonewa kwa kutojua.

Deni la kodi ni la aliyepanga. Tivii yako si ya aliyepanga. Mwenye nyumba akizuia mali yako kwa deni la mtu mwingine, hana pa kusimamia, na mara nyingi analijua hilo, anatumaini tu kwamba wewe hulijui. Mimi nilikwenda kwa mjumbe wa shina kwanza, mama mmoja aliyekuwa akishonesha sare za shule za watoto wake kwangu, yaani mteja. Akaja akaangalia barazani, tukaandika orodha kwenye karatasi ya daftari: kitu, hali yake, kipo au hakipo. Majirani wawili wakaweka saini. Nikaipeleka ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akaigonga mhuri. Karatasi ile ilinisaidia kuliko kitu kingine chochote, maana iliandikwa siku hiyo hiyo, na ukingoja mpaka wiki ijayo kila mtu ana orodha yake kichwani.

Mwenyekiti akamwita yule kijana wa mwenye nyumba. Akaja amechomekea, ana funguo mkononi. Akasema, "Mwenyekiti, mimi huyu dada simtambui, mkataba wangu na yeye haupo." Mwenyekiti akamjibu, "Sawa kijana, humtambui. Ovaloki je, unaitambua?" Kimya. "Ni ya kwako? Ni ya baba? Basi ya nani?" Ovaloki ilitoka jioni ile. Begi la vitenge kila mtu alilikana, na mpaka leo sijui lilikwenda wapi.

Ungekuwa umetolewa kwa amri ya baraza au mahakama, mambo yangebadilika. Hapo anakuja dalali wa mahakama, yule anayetekeleza amri, si shemeji wa mwenye nyumba. Muombe akuonyeshe amri, soma jina lililoandikwa na kitu kilichoamriwa: je, ni kutoa watu tu ndani ya nyumba, au ni kukamata mali zilipie deni? Kama wamekamata vitu vyako kwa deni la mpangaji mkubwa, usipigane nao mlangoni. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Amri ya XXI kanuni ya 57, inampa mtu wa tatu nafasi ya kuweka pingamizi kwamba mali iliyokamatwa ni yake. Peleka haraka kabla ya mnada, na upeleke ushahidi wa umiliki. Sheria hiyo hiyo inataja vitu ambavyo havikamatwi hata kwa deni la mdaiwa mwenyewe: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na zana za kazi za fundi. Mafundi wenzangu, hilo la mwisho mlikariri. Nimewahi kumuona fundi seremala wa Manzese analia kwa randa zake zilizobebwa, hakuna hata mmoja pale aliyemwambia.

Kwa tivii na mtungi, nenda polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa uliyofungua kituoni. Hapa namna ya kusema ina uzito. Ukianza na "nimetolewa kwenye nyumba", askari atakuambia hiyo ni kesi ya madai, nenda baraza la ardhi. Atakuwa sahihi kwa alichosikia. Anza na mali: tivii aina hii, namba hii, ilikuwa ndani, chumba kilifunguliwa na fulani mbele ya fulani, sasa haipo. Namba utaipata kwenye boksi au kwenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi dukani. Kama boksi ulitupa, rudi dukani uliponunua. Mota ya cherehani yangu ya pili iling'olewa pale barazani, na niliipata kwa fundi wa mtaa wa pili kwa sababu tu nilikuwa na risiti yenye namba. Yeye kauziwa na kijana asiyemjua, ndivyo alivyosema. Tukamalizana.

Haya, pesa. Kodi ya miezi uliyolipa na hukukaa, anayo mtu wa Dodoma. Mnaomwambia adai kwa mwenye nyumba mnampoteza: mwenye nyumba hajapokea shilingi yake. Madai ya fedha yanayotokana na makubaliano, kama hayazidi shilingi milioni 30, Mahakama ya Mwanzo inayapokea, na huhitaji wakili. Unafungua hapa hapa Dar mlikokubaliana, si lazima umfuate Dodoma. Lile la kusema "hatukuandikishana" lisikutishe. Makubaliano ya mdomo ni makubaliano, kazi ni kuyathibitisha. Chapisha taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha pesa ilivyokwenda na tarehe. Meseji za WhatsApp za "nimeipata, asante, ufunguo upo kwa jirani" ziache kwenye simu kama zilivyo, usifute hata neno ulilomtukana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo. Usibadilishe simu wala usiiuze mpaka shauri liishe.

Kwa wenye mkataba wa maandishi, jambo moja linalowaangusha wengi: ushuru wa stempu. Mkataba wa pango usiolipiwa stempu unaweza kukataliwa kupokelewa kama ushahidi mpaka ulipiwe. Lipia kabla hujaupeleka, si siku ya kusikilizwa wakati mwenzio ameshasimama kupinga.

Yule mama yangu alipopata wito alitokea. Hakukana. Alikubali kurudisha kwa mafungu, akalipa mafungu ya mwanzo, kisha akaanza kupungua kama ilivyo kawaida ya madeni ya mjini. Nilipata sehemu kubwa ya kodi. Thamani ya vitenge sikuipata kwake, kwa sababu kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyesababisha begi lipotee ni mzigo mwingine kabisa, na mimi nilikuwa na sare za watu za kulipa. Kamati ya sendofu haikunisubiri nikamilishe shauri. Niliwalipa wenye vitenge mmoja mmoja, na kuna dada mmoja wa Kijitonyama mpaka kesho tukikutana sokoni anaangalia nyanya.

Kuna mchangiaji huko juu kauliza kama mwenye nyumba anaweza kudaiwa kwa vitu vilivyoharibika baada ya yeye kuvitoa nje. Ndiyo, anaweza, akithibitika kwamba yeye au watu wake ndio waliovitoa na kuviacha mvuani au kwa wezi. Kutokuwa na mkataba na wewe hakumpi ruhusa ya kuharibu mali yako. Lakini ushahidi ndio unaosumbua: picha za siku ile, shahidi aliyeona nani alibeba nini, ile orodha yenye mhuri. Bila hivyo ni neno lako na neno lake. Ukiona thamani ni kubwa, zungumza na wanasheria kabla. LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) hapa Dar wanasaidia wasio na uwezo, na wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Uliza ofisi ya kata yenu.

Na ninyi mnaokaa kwa mpangaji leo hii na hamjatolewa, ombeni karatasi moja tu: idhini ya mwenye nyumba, yenye jina lako na saini yake. Anayekupangisha akianza kukuzungusha, ohoo mzee yuko safari, ohoo hana simu, jua mwenye nyumba hana habari. Kodi mpe ya mwezi mwezi, akikataa mwache na chumba chake. Na LUKU, mita ya umeme, ikiwa inasoma jina la mtu wa tatu ambaye hamumjui wote wawili, ulizeni ni nani.

Mleta mada, kesho asubuhi fika ofisi ya serikali ya mtaa mapema, mwenyekiti kabla hajatoka. Beba picha za barazani, majina ya majirani waliokuwepo Jumamosi, na orodha hata kama umeiandika leo, andika tarehe ya leo usidanganye. RB ifuate siku hiyo hiyo. Mtu wa Dodoma usimtukane kwenye simu, mwandikie meseji ya heshima ukimtajia kiasi na tarehe ya kurudisha, akijibu chochote umeshapata ushahidi kwamba pesa aliipokea. Ukishagongewa mhuri rudi hapa, nitakuandikia namna ya kupanga madai ya Mahakama ya Mwanzo.