Usiwafundishe kwa picha za intaneti: nilivyoripoti "havikuonekana" miezi mitano

Mkuu, simama hapo hapo. Nimesoma bandiko lako mara mbili. Una watumishi wanne, una wiki mbili, bosi anataka maabara yenu ya maji ianze kupima Giardia na Cryptosporidium, vimelea vidogo vya majini vinavyoharisha watu, na unauliza darubini gani inunuliwe, rangi zinapatikana wapi, cheti kitoke kwa nani, na kama picha za intaneti pamoja na seti ya slaidi za kununua (vile vioo vya kutazamia kwenye darubini) zinatosha kufundishia. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa kitandani. Hazitoshi. Na anayekwambia zinatosha anasubiri posho.

Najua, kwa sababu fomu ya posho ya huyo wa kwetu niliisaini mimi.

Tulikuwa maabara ndogo huku Kanda ya Ziwa, mafundi sanifu watatu na mimi mkuu wao. Tukaletewa mtaalamu mshauri, siku tatu, ukumbi wa hoteli. Suti, projekta, maji ya chupa mezani (semina ya maji, maji ya chupa, na hakuna aliyecheka). Akaanza na Milwaukee, Marekani, 1993: maji ya Ziwa Michigan yalichujwa, yakatiwa klorini, na bado watu wapatao 403,000 wakaugua, maana Cryptosporidium haibabaishwi na klorini ya kipimo cha kawaida. Tukatikisa vichwa. Siku ya pili, picha kuanzia asubuhi mpaka jioni. Siku ya tatu, mtihani: slaidi kumi, taja unachokiona. Wote wakapata kumi kwa kumi. Tukapiga picha ya pamoja na vyeti, mimi katikati, nimetabasamu kama bwana harusi.

Neno lake la kufunga: "Ukishajua kukiona, umemaliza." Mungu amsamehe, mimi bado.

Sikiliza. Slaidi za kufundishia hutengenezwa kwa kinyesi cha mgonjwa. Ukiweka jicho tu, vimelea vimejaa kama mtama sinia zima. Kwenye maji hukuti hivyo. Umechuja lita 10, umekwangua chujio, umesuuza, umezungusha kwenye sentrifuji (mashine inayozungusha tyubu kwa kasi ili vilivyomo vitue chini), umepaka rangi, na kwenye slaidi nzima labda kipo kimoja, duara la maikromita 4 hadi 6, limejibanza nyuma ya tope na mwani. Mtu aliyefundishwa kwa sinia la mtama anatazama dakika tano, haoni kitu, anaandika "havikuonekana" na kwenda kunywa chai. Na hapo nimechukulia kwamba kimelea kimefika kwenye slaidi. Vyetu havikuwa vinafika.

Yule bwana alituachia karatasi ya hatua, ukurasa mmoja. Hatua ya sita iliandikwa hivi tu: "Zungusha 1500, dakika 15." 1500 nini? Hakuandika, na sisi hatukuuliza. Mashine yetu ina kitufe cha mizunguko kwa dakika, basi tukaweka mizunguko 1500. Tukaibandika ile karatasi kwa gundi juu ya mfuniko, kila mtu aione.

Ile 1500 ilikuwa g, mkuu, nguvu ya kuvuta ikilinganishwa na uvutano wa dunia, siyo mizunguko. Rota yetu, kile kichwa kinachoshika tyubu, ina nusu kipenyo cha sentimita 16. Kwa mizunguko 1500 inatoa g 400 hivi, na ili ufike g 1500 lazima uende karibu mizunguko 2,900. Vimelea hivi ni vyepesi, uzito wake unakaribiana na wa maji yenyewe. Ukivizungusha kivivu vinabaki vinaelea. Na sisi tuliacha breki ya mashine imewashwa, ikisimama inasimama kwa mshtuko, hata vichache vilivyokuwa vimetua vinatibuka.

Halafu kumimina. Fundi wangu mkubwa, mama mmoja mwenye mkono mtulivu kuliko wote, alikuwa anainamisha tyubu taratibu kama anamimina chai asiangushe majani, mpaka tone la mwisho. Mimi nilikuwa nasimama nyuma yake namsifu, "Angalieni mama anavyofanya!" Vimelea vyote vinakwenda kwenye sinki, na mimi napiga makofi. Ilitakiwa tuyanyonye maji ya juu kwa pipeti na kusimama yakibaki kama mililita 5 juu ya mashapo.

Miezi mitano. Sampuli 61. Zote safi. Mpaka maji ya mto wanakonyweshea ng'ombe yalikuwa safi. Bosi akafurahi, nikapewa barua ya pongezi. Ningekuwa na akili ningeshtuka kwenye ule mto, lakini nani anashtuka akipongezwa?

Aliyetuumbua ni binti wa mafunzo kwa vitendo, wiki yake ya pili, sauti ya kunong'ona: "Shikamoo mkuu. Samahani, mmewahi kuweka vimelea wenyewe kwenye maji mkaona kama vinarudi?" Nikamjibu kwa ukali wa mtu asiye na jibu. Usiku sikulala vizuri.

Wiki iliyofuata nikapata kinyesi cha ndama wa wiki mbili anayeharisha, tukakipaka rangi ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa, binamu wa ile ya TB, na kweli vimo, vidoa vyekundu kwenye uwanja wa kijani. Tukavilaza kwenye fomalini, tukavisafisha, tukahesabu kwenye chemba ya Neubauer (kioo chenye miraba ya kuhesabia), tukapunguza ukali, tukaweka kama elfu mbili kwenye ndoo ya lita 10. Sikuwaambia mafundi ni ndoo ipi. Wakafanya kila kitu kama siku zote.

Kilirudi kimoja. Nilihesabu mwenyewe nikiwa nimeshika pumzi, slaidi baada ya slaidi, na nilipokiona kile kimoja karibu nikisalimie. Safari hii maji ya kumwaga nilikuwa nimeyakinga kwenye jagi. Tukayazungusha upya kwa mizunguko 2,900, breki imezimwa. Slaidi ya kwanza tu kutoka kwenye jagi, yule mama alitazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Kisha akasogea pembeni nami nione. Vilikuwa vimejaa humo, vyekundu, vimetulia, kana kwamba vinatusubiri. Hakusema neno. Alikwenda kubandua ile karatasi kwenye mfuniko.

Nikaandika barua ya kufuta majibu 61. Jaribu kuiandika siku moja uone Kiswahili kinavyokukimbia. Fedha za machujio na rangi ndiyo basi tena. Mshauri nilimpigia, akasema "lakini g inaeleweka". Kwa nani? Kwa rota?

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: hakuna anayesaini jibu mpaka akurudishie vimelea ulivyomfichia wewe. Siyo kwenye slaidi. Siyo kwenye tyubu mwishoni, maana huko umeshamrukisha mahali pote pa kukosea. Weka kwenye ndoo, mwanzoni kabisa, kabla ya chujio. Mpe ndoo nne zinazofanana, mbili zina vimelea, mbili hazina, na usimwambie mtu, hata akiwa mpwa wa bosi. Zisizo na kitu ni muhimu vilevile: fundi wangu mmoja alileta "Giardia" nane kutoka kwenye maji yaliyochemshwa na kuchujwa. Ilikuwa mwani. Asingepitia ndoo tupu tungezua taharuki mtaa mzima.

Na usitegemee virudi vyote. Vinanata kwenye plastiki (suuza kwa maji yenye Tween 80 kidogo, aina ya sabuni ya maabara), vinabaki kwenye chujio, vinapotea njiani. Ukirudisha nusu, nunua soda. Unachotafuta ni idadi isiyoyumba kwa mtu yuleyule, wiki kwa wiki, na maji ya aina mbalimbali: ya bomba, kisha ya ziwa, kisha ya masika yenye tope, ambayo yatakuzibia chujio la maikromita 1.2 kabla hujafika lita 3 na kukulazimisha kugawa sampuli. Sisi sasa tunaficha ndoo kila mwezi. Juzi nilifichiwa mimi, nikarudisha asilimia 38, na yule mama akanitazama jicho la "angalieni mkuu anavyofanya".

Wiki mbili ulizopewa hazitoshi, mwambie bosi leo. Wangu walichukua wiki saba ndipo wa mwisho akapita, na huyo naye alikuwa amepata kumi kwa kumi kwenye ule mtihani wa slaidi.

Vaeni glovu. Hata kama mmetia fomalini, vaeni. Kuna watu wazima wenye afya zao waliojitolea kwa utafiti kule Marekani, na ilionekana vimelea kama 132 tu vinatosha kuambukiza nusu yao. Usiniulize kwa nini siku zile nilikuwa naijua njia ya kwenda chooni hata taa zikiwa zimezimwa.

Ulikuwa umeuliza nini tena? Darubini. Nitarudi kwenye darubini. Kwanza tafuta ndama, wa wiki moja hadi tatu, anayeharisha, na mfugaji asiyependa maswali. Mimi wa kwangu alinitazama nimeshika kopo na kijiko, akaita majirani.