Bei tumepatana, lini tunahamia?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tumepata nyumba Segerea, ina hati. Jumamosi muuzaji kaikubali bei yetu. Dalali anataka tumalize pesa zote Ijumaa, tuchukue funguo tuingie, eti kuna mteja mwingine wa Mwanza anaisubiri. Huku tulikopanga kodi imeisha, mwenye nyumba anadai ya miezi 6. Tufanyeje? – Mama Abdul, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Ijumaa hamhami. Huyo mteja wa Mwanza namfahamu, kila dalali wa mji huu anaye.

Nimechapa mikataba ya mauziano kwa wakili Kariakoo miaka 18. Kinachochelewa siku zote ni karatasi, kwa hiyo pesa nayo itembee kwa mwendo wa karatasi. Ombeni kwanza nakala ya hati, wakili wenu akafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Hapo ndipo mtajua kama jina ni la huyo muuzaji kweli, na kama nyumba haiko rehani benki au haina zuio. Msitoe hata shilingi kabla ya jibu hilo.

Mkataba usainiwe kwa wakili, na mke wa muuzaji awepo, atie sahihi ya ridhaa. Nimeona mwanamke ametoka Tanga na basi la usiku kuja kusimamisha mauzo ambayo mumewe alishakula nusu ya pesa. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa upande wake.

Baada ya hapo ni fomu za kuhamisha umiliki, namba 29, 30 na 35, picha za pasipoti, mthamini na futi yake, kisha TRA. Andikeni mapema nani analipa nini: kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, ni ya muuzaji, ushuru wa stempu, asilimia 1, huwa wa mnunuzi. Kodi ya pango la ardhi ikiwa na malimbikizo, amalize muuzaji. Halafu mnasubiri kibali cha Kamishna wa Ardhi na usajili. Hesabuni miezi, si wiki. Kwa hiyo mbembelezeni mwenye nyumba wenu apokee ya miezi 3.

Sehemu ya mwisho ya pesa ibaki kwa wakili mpaka jina libadilike na nyumba iwe tupu. Mimi mwenyewe, na ujuzi wangu wote, nilinunua Kimara mwaka 2022 nikamaliza malipo siku ya kupewa funguo. Nafungua geti, uani kuna kijana, jiko la mkaa linawaka, maharage yanachemka. Alishamlipa muuzaji kodi mpaka Desemba. Akanikaribisha chakula, nyumbani kwangu! Tulikaa naye miezi 4.

LUKU nayo ikanipa funzo. Kodi ya jengo inakatwa humo tangu 2021, na mita ilikuwa na deni. Nikaweka 10,000, uniti zikaja kiduchu. Ingizeni umeme wa kujaribu kabla ya kumaliza malipo, na mwambieni muuzaji awaonyeshe bili ya mwisho ya DAWASA.

Mkishapewa funguo, fundi abadilishe vitasa siku hiyohiyo. Yule kijana alipohama aliacha funguo ya geti mezani. Wiki mbili baadaye dada yake akaingia na ya kwake, kaja kufuata sufuria.