Maswali na majibu: Mfadhili anapouliza kimebadilika nini

Barua nyingi za wiki hii zimetoka kwa watu wa vyuo na miradi ya utafiti huku Kusini, na karibu zote zinahusu namna ya kuwaeleza wahisani fedha zao za utafiti zimefanya nini. Nimechagua tano.

Shikamoo mwalimu. Familia moja inafadhili utafiti wetu wa ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Katika ripoti ya mwaka wa kwanza nilitaja semina, machapisho na wanafunzi wetu wa uzamili. Wakajibu kwa mstari mmoja: "Kimebadilika nini?" Niwajibuje, na mwaka ni mmoja tu? (Mtafiti, Mtwara Mjini)

Marahaba. Swali lao ni la haki, wala hawajakudharau. Semina na machapisho ni kazi mliyoifanya ninyi. Wao wanataka kujua imemfikia nani, na huyo aliyefikiwa sasa anafanya nini ambacho hakukifanya zamani. Mwaka mmoja hautoshi kuonyesha magunia yaliyoongezeka, kwa hiyo usiyatafute kwa nguvu. Onyesha hatua mliyofika. Tuseme kuna mkulima Tandahimba aliyezoea kupulizia salfa, dawa ya unga ya kuzuia ugonjwa huo, saa nne asubuhi, upepo umeshaanza, vumbi lote linaishia kwa jirani. Kama baada ya mafunzo yenu anaingia shambani alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, na salfa inashika kwenye machipukizi na maua, hayo ni mabadiliko na mhisani atayaelewa. Mweleze pia mlijuaje: mliwafuatilia wakulima wangapi, vijiji gani, na mliwalinganisha na nani. Kisha mtajie msimu mtakaopima mavuno. Wahisani wengi wako tayari kusubiri. Wanachochoka nacho ni ripoti inayowazungusha.

Korosho zimeongezeka katika vijiji tulivyofanyia kazi. Tuandike kwamba ni matunda ya utafiti wetu? (Mratibu wa mradi, Masasi)

Msiandike hivyo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha takriban tani 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimeshuka hadi chini ya tani 20,000. Ubwiri unga ulichangia, lakini vilevile bei ilimkatisha mkulima tamaa, na watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao. Uzalishaji ulipopanda tena, utafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara, kuhusu salfa na miche bora, uliopata pia fedha za Uingereza, ulifanya kazi kubwa. Lakini miaka ya 1990 biashara nayo ililegezwa, na bei ikamrudisha mkulima kupalilia. Nani ajitwalie sifa zote?

Andikeni "tumechangia", halafu mwonyeshe njia nzima: mligundua nini, bwana shamba gani aliupokea ushauri, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ipi iliusambaza, wakulima wangapi waliufuata. Tajeni pia pembejeo za ruzuku na mvua ya mwaka huo. Ripoti inayowataja wengine huaminika zaidi, nami nimeona wahisani wakiongeza fedha kwa sababu hiyo hiyo.

Mfadhili anataka picha na majina ya wagonjwa wa matende walioshiriki utafiti wetu. (Muuguzi, Lindi)

Usimpe. Mgonjwa aliyeridhia kupimwa mguu hakuridhia mguu huo uonekane kwenye kijitabu cha wahisani. Hiyo ni ridhaa nyingine, inaombwa peke yake, kwa lugha anayoielewa, na akikataa huduma yake isiguswe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mpelekee maelezo ya jumla yasiyomtambulisha mtu. Mfadhili mwungwana ataelewa.

Majaribio yetu yameshindwa. Tungoje ripoti ya mwisho ndipo tuseme? (Mwanafunzi wa uzamivu, Mtwara)

Mwambie msimamizi wako leo, na mfadhili aambiwe mwezi huu. Andikeni mlichojaribu, kilichokwama na sababu mnayoishuku. Mbegu isiyofaa ikijulikana mapema, wakulima hawataipanda. Kama fedha zimebaki, msizihamishie kazi nyingine kabla ya kupata kibali cha mfadhili kwa maandishi.

Watafiti wamepita mashambani kwetu, wamepima, wamehoji, wamekwenda. Mfadhili anapata ripoti. Sisi je? (Mkulima, Newala)

Mzee wangu, una haki ya kudai. Ninyi mmetoa muda, mikorosho na siri za mapato yenu, na bila hivyo hakuna utafiti wa kufadhiliwa. Wakija tena, kabla hamjajibu swali lolote, mwenyekiti wa kijiji awaulize matokeo yatarudi lini na nani atayaleta, na jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Nanyi watafiti mnaosoma hapa, wekeni gharama ya kurudi kijijini kwenye bajeti tangu siku ya kuomba fedha: nauli, ukurasa mmoja wa Kiswahili, na asubuhi moja kwenye mkutano wa AMCOS kabla msimu wa kupulizia haujaanza. Watakayosema wakulima siku hiyo, hata lawama, yaingizeni kwenye ripoti ya mfadhili.