Inawaka, feni zinazunguka, kioo cheusi: nipige Windows upya?

SWALI: Habari kaka. Nina stationery huku Morogoro, natumia HP ya mezani niliyonunua used. Juzi tulihamisha meza, mashine tukaitoa kona moja kwenda nyingine, toka siku hiyo nikiwasha feni zinazunguka, inapiga mlio mara tano na taa nyekundu inawakawaka, kioo hakitoi kitu, hata ile logo sioni. Fundi wa jirani anasema Windows imekufa nimpe 20,000 apige upya, isipokubali basi madabodi ndo imeenda. Humo ndani kuna kazi za wateja za miaka minne. Nimpe?

JIBU: Usimpe dada yangu, na hiyo mashine asiiguse mpaka umalize kusoma hapa.

Hili swali naletewa karibu kila wiki na kila mara jibu la fundi wa kwanza linakuwa lile lile, piga Windows. Sasa sikia. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, kinachoamka kwanza sio Windows. Kuna programu ndogo imekaa kwenye chipu pale kwenye madabodi (kile kibao kikubwa kinachobeba vitu vyote vya ndani), tunaiita BIOS, hiyo ndo inaanza kukagua nyumba: RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ipo, kadi ya kupeleka picha kwenye kioo ipo, ikisharidhika ndo inakwenda kwenye hadidiski kuitafuta Windows iliko. Ya kwako haijafika huko, hata logo haijatoa. Sasa huyo fundi kajuaje Windows imekufa wakati mashine yenyewe haijaifikia? Na hiyo flashi yake ya Windows ataisomea wapi kama kioo ni cheusi?

Mashine imeshakwambia inaumwa nini. Kwenye HP nyingi za ofisini za aina hiyo, milio mitano na taa nyekundu maana yake ni RAM, ingekuwa sita ningekwambia angalia upande wa picha. Wenye Dell za karibuni wao waangalie kitufe cha kuwashia, kikiwaka rangi ya chungwa mara mbili halafu nyeupe mara tatu ni RAM haionekani. Hesabu milio, hesabu taa, andika kwenye karatasi kabla hujamwita mtu yeyote.

Na wewe umesema mlihamisha meza, kwa hiyo mimi naona RAM imechezacheza tu. Chomoa waya wa umeme ukutani kabisa (sio kuzima swichi tu), bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kama kumi umeme uliobaki uishe, fungua ubavu, shika chuma cha kasha kwanza ndo uguse vitu vya ndani. RAM ni vile vibao vyembamba virefu vimesimama, vina vishikizo mwishoni. Achia vishikizo, kivute juu taratibu. Angalia yale meno ya dhahabu chini, mashine zilizokaa dukani karibu na barabara ya vumbi meno yake yanakuwa na ukungu mweusi kama masizi, chukua raba ya kufutia penseli safi, futa polepole pande zote mbili, pangusa machicha yote ya raba yasiingie kwenye sloti (ule mfereji kibao kinapochomekwa). Rudisha kimoja tu, kandamiza mpaka usikie kah! na kishikizo kijifunge chenyewe. Washa. Ikigoma jaribu sloti nyingine, kisha kibao kingine. Dakika ishirini hazifiki.

Sasa nirudi kwenye hii tabia ya kupiga Windows maana inaniuma kweli. Mwaka jana nililetewa mashine ya mwalimu mmoja, imeshapigwa Windows mara tatu na mafundi wawili. Kila umeme ukikatika usiku, asubuhi inatoa kioo cha bluu, ile ya Windows kugoma kuwaka. Nilipoiwasha kitu cha kwanza nikaangalia saa, inasoma mwaka 2012. Betri ile ndogo ya duara, CR2032, imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika BIOS inasahau kila kitu na ile setingi ya namna ya kusoma hadidiski inarudi ya kiwandani, Windows ikiamka haioni diski yake. Mafundi walikuwa wanabadili hiyo setingi ili flashi yao ione diski, wanapiga Windows, wanachukua hela, umeme ukikatika tunarudi pale pale. Nikaweka betri mpya, nikapanga setingi, ikawaka na haijarudi tena. Lakini alama za mitihani za wanafunzi wake zilishafutwa na fundi wa kwanza, aliyefomati bila hata kumuuliza una kitu humu, na juu yake zilishaandikwa Windows mbili nyingine. Sikuweza kumrudishia.

Hiyo ndo hasara yenyewe, wala sio 20,000. Na Windows yenyewe inayopigwa mara nyingi ni ya flashi inayozunguka mtaa mzima, unaambiwa zima antivirus kwanza ili activator (programu ya kuifungua Windows isiyolipiwa) ifanye kazi, yaani unalipa hela uwekewe virusi kwenye mashine unayoingizia kazi za watu, vyeti vyao, namba zao za NIDA. Fundi akitaja kupiga Windows kabla hajafungua kasha wala hajauliza milio mingapi, chukua mashine yako uondoke. Yupo atakayekwambia madabodi imekufa, mwambie akuonyeshe amejaribu RAM nyingine inayofanya kazi, asipoweza bado hajapima kitu.

Wewe kazi za wateja zipo salama kwa sasa kwa sababu ziko kwenye hadidiski na hiyo haijaguswa. Ukiwa na haraka, hadidiski inachomolewa na kuwekwa kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa SATA kwenda USB, unakopi kila kitu siku hiyo hiyo. Na kama baada ya kufuta na raba bado inapiga mitano kwa vibao vyote na sloti zote, soma karatasi iliyobandikwa kwenye RAM uniandikie imeandikwa PC3 au PC4, hizo ni aina mbili tofauti za RAM na haziingiliani, nikwambie uazime ipi ya kujaribia.