Maji yakishachemka punguza moto, utanishukuru gesi ikifika mwisho wa mwezi

Watu wa Nairobi tunalia sana na bei ya gesi lakini ingia jikoni kwa mtu wakati anachemsha maharagwe, mfuniko unarukaruka, dirisha limetoa jasho, bana iko fulu na yeye ako sitting room anaangalia taarifa. Ushauri wangu ni rahisi na nimeufuata miaka sasa: maji yakianza kuchemka rudisha moto chini kabisa, ubaki tu ule wa kufanya maji yacheze kidogo, halafu funika. Maharagwe yataiva saa ile ile yangeiva na moto mkubwa.

Najua hutaki kuamini, hata mamangu hataki, kila nikipunguza yeye anaongeza. Lakini iko hivi. Maji ukiyaweka kwa moto yanapanda joto, digrii 30, 50, 80, mpaka yafike pale pa kuchemka, na hapo joto linakwama. Ongeza moto utakavyo, hayapandi tena. Moto wote wa ziada unaingia kwa kazi nyingine, kuyageuza maji yawe mvuke, na hiyo kazi inakula joto vibaya sana, yaani joto la kukausha lita moja yote mpaka iwe mvuke ni zaidi ya mara saba ya lile la kuitoa kwa mfereji na kuifikisha kuchemka. Kwa hivyo ile kelele ya sufuria ni pesa yako inatokea dirishani. Mtu aliyeng'amua hii maneno ni Joseph Black, mwanasayansi wa Scotland, huko miaka ya 1760, na barafu ilimwonyesha kitu kile kile: ikiwa inayeyuka inakaa pale pale sifuri mpaka imalizike, joto linaingia na kipimajoto hakisongi. Ndio maana soda iliyo na barafu inabaki baridi hadi kile kipande cha mwisho kiishe, halafu ghafla inaanza kuwa vuguvugu.

Sasa sisi tuna shida ya ziada ju ya mahali tunaishi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa huku ni nyepesi, na maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu sawa na hewa inayoyakandamiza kutoka juu. Hewa ikipungua uzito, maji yanachemka mapema. Mombasa yanachemka kwa digrii 100, hapa ni kama 94, na ukipanda Limuru inashuka tena. Dadangu ako Kisauni, huko Mombasa, na kila akija huku ananiambia sijui kupika, ati maharagwe yangu hayaivi, na mimi namwambia dada yangu hizo digrii sita ndizo zinakusaidia si mkono wako. (Mafuta yake ya nazi ananitumia yakiwa maji, Julai yakilala kwangu usiku mmoja asubuhi yameganda nyeupe kabisa, na kuna watu hudhani wameuziwa feki. Yanaganda yakishuka chini ya digrii 24 hivi, ni kawaida, weka chupa kwa maji ya moto na uendelee.)

Digrii sita zinaonekana kidogo lakini kwa githeri, ile ya mahindi na maharagwe, ni masaa. Wengi wetu tumeshasalimu amri, tunanunua maharagwe yaliyochemshwa kwa mama mboga na siwalaumu. Ukitaka kuchemsha mwenyewe loweka usiku kucha, na kama uko na uwezo nunua presha kuka, hiyo ndiyo kitu pekee inaweza kukurudishia zile digrii na kukuongezea zingine. Inafungia mvuke ndani, presha inapanda, maji yanakataa kuchemka mpaka yapite digrii 110. Ikishaanza kupiga kelele nayo pia punguza moto, sheria ni ile ile. Magadi sipendi, inalainisha kweli lakini ladha inaharibika.

Kitu moja tu, hiyo presha kuka usiifungue na haraka. Maji ya ndani yana joto kupita pale yangechemkia nje, ukiondoa presha ghafla mengine yanageuka mvuke mara moja na yanaruka na chakula. Na mvuke unachoma kuliko maji ya moto, kwa sababu ukigusa ngozi unarudi kuwa maji na lile joto lote ulilokuwa umemeza linabaki kwa mkono wako.

Tukirudi kwa mtungi wenyewe, humo ndani si gesi imejaa, ni kimiminika, utikise utasikia. Ni propani na butani zimekandamizwa. Propani ikiachiliwa inachemka hata kwa digrii 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri. Ukifungua regyuleta presha inashuka, kile kimiminika kinaanza kuchemka humo humo na kinavuta joto kutoka kwa chuma, ndio unaona mtungi unakuwa baridi na kutoa jasho. Asubuhi za Julai ukiwa na mtungi wa kilo sita umebaki kidogo na unataka moto mkubwa kwa muda mrefu, moto unaweza kulegea kabla gesi haijaisha. Hapo ndipo watu wanaanza vituko, mwingine anaulaza upande, mwingine anausogeza kwa jiko upate joto. Usijaribu. Ukiulaza kinachoingia kwa mpira ni kimiminika, na lita moja yake inafura kuwa zaidi ya lita 200 za gesi, huo moto hutaukimbia. Acha usimame wima, punguza moto, subiri.

Na kama unataka kujua imebaki ngapi, mwagia mtungi maji vuguvugu upande mmoja halafu pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Juu patakuwa na joto, ukifika mahali pamegeuka baridi hapo ndipo kimiminika kinaanzia. Fanya hivyo kabla ya kuweka maji ya ugali, wageni wakishakaa tayari umechelewa, na keateka wa ploti yetu siku hizi hakopeshi mtungi.