Tarehe za 1896 zinazogongana

Ndugu, umeuliza kwa nini tarehe za matukio ya 1896 hutofautiana kitabu kwa kitabu. Ni kalenda. Zigeuze zote kuwa za Gregori, kalenda ya kawaida ya leo, kwanza, ndipo upange jedwali lako.

Waethiopia waliwashinda Waitalia Adwa tarehe 1 Machi. Kwa kalenda ya Ethiopia ni 23 ya mwezi wa Yekatit 1888, na ukinakili hivyo tukio linarudi nyuma miaka minane! Olimpiki ya Athens ilifunguliwa 6 Aprili, lakini Wagiriki waliandika 25 Machi, kwani kalenda ya zamani ya Juliasi, waliyoitumia, ilikuwa nyuma siku 12.

Zanzibar haina utata huo: Sultani Hamad alifariki 25 Agosti, Khalid bin Barghash akashika kasri, Waingereza wakalipiga mizinga tarehe 27. Makataa yao yaliisha saa 3 asubuhi. Usiandike saa 9.